Kisiki cha Majaribio

Katika uwanja wa mafundi ulio nyuma ya gereji za Barabara ya Jogoo, Nzomo alijulikana kwa mambo mawili. Hakuwahi kuchukua kazi asiyoiamini, na hakuwahi kumwambia mteja kwamba kazi ya jirani yake ni mbovu. La kwanza lilimpa heshima, la pili likampa amani. Kwa miaka ishirini na miwili aliyaona mambo hayo kuwa tabia moja, tabia ya mtu mnyoofu, na hakuna aliyemwonyesha kwamba iko siku yatapingana.

Alizaliwa Mwala, Ukambani, akaja Nairobi kijana wa miaka kumi na tisa akiwa na cheti cha kuchomelea vyuma. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuunda trela za malori mpaka kiwanda kikafungwa. Hapo akanunua mashine ya kuchomelea iliyokwisha kutumika, akakodi kibanda cha mabati, akawa anatengeneza milango na madirisha kama kila mtu. Angekufa akitengeneza milango kama si miti.

Mitaa ya zamani ya Eastlands ilipandwa miti ilipojengwa. Kulikuwa na jakaranda, mikaratusi na mikuyu iliyojiotea yenyewe kando ya mifereji. Nyumba za chini zilipoanza kubomolewa ili ghorofa zipande, watu wa misumeno ya petroli walikuja asubuhi, wakaangusha mti, na kufikia adhuhuri kuni zilikuwa zimeuzwa. Kisiki walikiacha, kwa kuwa kisiki hakina mnunuzi. Nacho hakijengewi juu, maana kitaoza na sakafu itatitia. Katapila haliwezi kupita katika vichochoro vile, na wanaume wanne wenye mashoka na sururu huweza kumaliza wiki nzima wakihangaika na mzizi mmoja.

Nzomo ndiye aliyefikiria matrekta madogo ya Kijapani, yale yaliyochoka kulima mpunga huko Mwea. Trekta kama hilo lilipita popote mkokoteni unapopita. Alilifungia nyuma mkono wa kuchimbia, pamoja na kiti chake, uliotoka kwenye mashine kuukuu, akatoa baketi ya kuzolea udongo, na mahali pake akaweka ukucha wa meno mawili alioukata kutoka kwa springi za lori. Alisogeza matundu ya pini ili mkono uwe mfupi, kwa sababu mkono mfupi una nguvu kuliko mrefu. Alitanua magurudumu, akaongeza miguu miwili ya kukanyaga ardhi, akaning'iniza vyuma vizito mbele ili trekta lisisimame wima kama farasi.

Trekta la kwanza lilimvunjikia. Alikuwa ameufunga ule mkono kwenye vyuma vitatu vinavyobeba jembe nyuma, akadhani vinatosha. Siku ya tisa gamba la gia lilipasuka katikati na mafuta yakamwagika kwenye vumbi. Hakuna aliyeumia. Nzomo alimlipa mwenye trekta, akakaa miezi minne akila ugali na sukuma bila nyama, naye akawa amejifunza jambo ambalo halikuandikwa katika cheti chake: trekta dogo halina mifupa. Mwili wake ni lile gamba la gia, nalo ni chuma cha kumimina. Kwa hiyo anayetaka kung'olea visiki lazima kwanza alijengee mifupa, yaani fremu ya chuma kinene inayotoka ekseli ya nyuma hadi mbele, ili mvuto wote wa ukucha upite kwenye fremu. Tangu siku hiyo hakutoa trekta bila fremu. Kazi ya fremu ilikuwa siku nane, na hakuna maneno matamu yaliyowahi kuzifanya siku saba.

Wengine walimwiga, wengi bila fremu. Na kwa kuwa kila mteja alitaka kuona kabla ya kulipa, uwanja ulikuwa na kisiki chake.

Kilikuwa kwenye kona, karibu na choo. Mafundi walikiita Babu. Zamani kilikuwa kisiki halali cha mkaratusi, kipana kama meza ya kulia, na kilipong'olewa mara ya kwanza kilitoa jasho la kweli. Kisha mtu mmoja akapata akili. Mizizi ilikatwa kwa panga, kisiki kikarudishwa shimoni, udongo ukamwagiwa maji na kushindiliwa, na juu yake zikapandikizwa nyasi. Mteja akija, trekta linanguruma, ukucha unazama, na kisiki kipana kama meza kinapanda juu mbele ya macho yake. Jioni Babu anarudishwa kulala. Nzomo hakumtumia Babu hata siku moja, kwani wateja wake aliwapeleka wakaone kazi ilipofanyika. Lakini alimjua Babu kama walivyomjua wote, na hakumtaja kwa mtu. Sheria ya uwanja ilikuwa fupi: hapa hatuchomeani, yaani hakuna anayetoboa siri ya mwenzake kwa mteja.

Jumatatu moja alikuja Githinji. Alikuwa kontrakta, mzee wa kanisa, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza maombi. Alikuwa na trekta dogo la bluu juu ya lori, na kazi ya kung'oa visiki vyote katika mtaa mmoja wa zamani upande wa Makadara.

"Fundi Nzomo, Mungu ametufungulia mlango," alisema. "Nalitaka Alhamisi."

"Alhamisi gani, mzee?"

"Ya wiki hii. Si ile ya kurudi kwa Yesu."

Mafundi wa karibu walicheka. Nzomo alitabasamu kidogo. "Fremu peke yake ni siku nane."

"Fremu ya nini? Trekta si limekuja na mwili wake?"

Nzomo aligonga gamba la gia kwa spana. "Huu ndio mwili wake. Haupindi huu. Unavunjika kama kikombe."

"Na ukifunga mkono hapo nyuma, kwa vile vyuma vya jembe?"

"Utang'oa visiki vidogo. Kumi, ishirini, na utanicheka. Halafu siku moja utakutana na kisiki kilichokataa. Badala ya kisiki kupanda, mkono wenyewe utapanda, ukunjike mbele. Na mtu wako amekaa hapa, anatazama nyuma, usukani uko mgongoni mwake. Hana pa kwenda."

"Wewe fundi unaongea kama daktari wa saratani," Githinji alisema. "Fundi Mugo hapo anasema anaweza."

"Basi mpelekee Mugo. Kila mtu na mteja wake."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe na akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa ameikataa dhambi. Hakuuliza imehamia wapi, ingawa ilihamia hatua sita tu kutoka alipokuwa amesimama, kwenye kibanda cha Mugo, mtu mcheshi wa miaka arobaini aliyechomelea haraka na kupaka rangi vizuri.

Jumatano dada yake Mbithe alimpigia simu kutoka Umoja. Mbithe aliuza nguo za watoto alizochagua mwenyewe kwenye marobota ya mitumba ya Gikomba, na kwa miaka miwili alikuwa amelisha nyumba peke yake, tangu mumewe Kyule alipoachishwa kazi ya udereva wa trekta katika shamba la maua kule Athi River. Siku hiyo sauti yake iliruka.

"Kaka! Kyule amepata kazi! Na iko hapo kwenu. Ndiye ataendesha lile trekta la Mzee Githinji."

Nzomo aligeuka, akatazama kibanda cha Mugo.

"Nakusikia," alisema. "Ni vizuri."

Alikwenda kwa Mugo akiwa bado ameshika simu.

"Mugo, unaweka fremu?"

"Niaje, mzee. Fremu mteja hataki. Lakini nimeongeza pleti ya chuma hapa, na hapa. Iko fiti."

"Atakayeliendesha ni mume wa dada yangu."

"Basi si ni baraka? Pesa imebaki kwa familia." Mugo aliinua kioo cha kuchomelea, akamtazama, na kicheko kikapungua. "Buda, usinianzie. Hapa hatuchomeani. Si ni wewe ulisema kila mtu na mteja wake? Nilikusikia na masikio yangu."

Ni kweli alisema. Nzomo alitia simu mfukoni, akarudi kwenye kibanda chake.

Alhamisi uwanja ulijaa. Githinji alikuja na watu wawili wa kanisa. Kyule alikuja na ovaroli mpya ya kijani ambayo Mbithe alikuwa amemchagulia, bado ina mikunjo ya robota. Alipanda kwenye kiti cha nyuma, akajaribu vyuma vya kuongozea kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeshika tena vidole vya mtoto wake. Alikuwa dereva mzuri, na hilo hata Nzomo hakulikana. Aliuzamisha ukucha mara moja tu, mahali panapofaa, akavuta.

Babu alipanda kama mkate kutoka ovenini.

Watu walipiga kelele. Githinji aliinua mikono na kumshukuru Mungu kwa sauti. Katikati ya kelele hizo Mugo alimtupia Nzomo jicho moja fupi. Nzomo alikuwa mstari wa mbele, grenda yake ya kukatia chuma mkononi. Wakati wa kusema ulikuwa huo. Sentensi moja ingetosha: kisiki hicho hakina mizizi. Kungekuwa na aibu na matusi, labda Mugo angerusha kofi, na Kyule angeshuka akiwa mzima.

"Shemeji!" Kyule aliita kutoka juu, meno yote nje. "Umeona?"

"Nimeona," Nzomo alisema.

Jioni mkewe Lydiah alimwona anageuza chakula bila kula, akamhoji mpaka akamweleza yote.

"Na ulipoulizwa ukasema nini?"

"Nilisema nimeona. Sikusema uongo."

Lydiah alitoa sahani mezani. "Wewe, baba, ukweli huwa unauambia vyuma tu," alisema. "Chuma kikiwa kibovu unakitangaza. Mtu akiwa mbovu unamsalimia."

Ijumaa alikwenda Umoja. Alimkuta Kyule amekaa na majirani wawili, anawaonyesha kwenye simu jinsi kisiki kilivyopanda, anairudia ile sehemu ya kupanda. Nzomo alingoja majirani watoke. Kisha alizungumza juu ya fremu, gamba la gia na vyuma vya jembe. Alieleza vizuri, maana kueleza vyuma hakukumshinda. Juu ya Babu hakusema. Siri ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya mafundi kumi na wawili, na alijiambia kwamba maneno ya fremu yanatosha kwa mtu mwenye akili.

"Visiki vikubwa viache," alimaliza. "Waambie walete watu wa sururu."

Kyule alizima simu. "Shemeji, miaka miwili nimekaa kwa hii kochi. Hukuja hata siku moja kuniambia kochi ni hatari."

"Kyule, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Trekta ulilokataa wewe limeng'oa kisiki kama hicho, mbele ya watu, mimi nikiwa juu yake. Ulikuwepo. Kama kulikuwa na shida si ungesema palepale?"

Mbithe alileta chai. Aliweka kikombe mbele ya kaka yake kwa heshima, lakini hakumtazama. "Kaka, kama kazi ile ulikuwa unaitaka, si ungeichukua ilipokuja kwako kwanza?"

Nzomo alikunywa chai yote, kwa kuwa si adabu kuiacha. Alikuwa na neno moja ambalo lingemaliza ubishi. Akaliweka chini pamoja na kikombe, akaaga.

Jumamosi na Jumapili zilipita. Jumatatu alifungua kibanda, akawasha mashine, akachomelea bamba moja la chuma mahali pasipofaa. Hilo halikuwahi kumtokea. Alizima umeme, akavua glavu, akatembea kwa miguu hadi Makadara.

Alipofika alikuta Kyule amekwisha kung'oa visiki vinne vidogo. Vilikuwa vimepangwa kando ya njia, mizizi juu. Watu wa mtaa walikuwa wametoka kutazama, kina mama wenye kanga mabegani, vijana waliokaa juu ya ukuta. Trekta sasa lilikuwa limesimama mbele ya kisiki cha tano, mkuyu uliokuwa mkubwa kuliko nyumba iliyokuwa kivulini mwake, na mizizi yake ilikuwa imepita chini ya ukuta hadi upande wa pili. Ukucha ulikuwa umekwisha kuzama.

"Kyule!" aliita. "Shuka hapo!"

Kila mtu aligeuka. Githinji, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha lori, alicheka. "Mzee Nzomo! Umekuja kutuombea au kuturoga?"

Hapo ndipo neno lilipomtoka, siku nne baada ya wakati wake, nalo halikutoka kwa upole. Alisema yote kwa sauti ya mtu aliyekimbia. Kwamba kisiki cha Alhamisi hakikuwa na mizizi. Kwamba kilikatwa mizizi miaka sita iliyopita, na kila jioni hurudishwa shimoni na kumwagiwa maji. Kwamba kinaitwa Babu, na mtoto wa shule angeking'oa kwa kamba. Kwamba trekta lile halijawahi kujaribiwa.

Kisha kijana mmoja juu ya ukuta akapiga yowe la kicheko. "Kumbe dereva amekuwa aking'oa meno ya bandia!"

Ukuta mzima ulicheka. Kina mama nao walicheka, wakiziba midomo kwa kanga. Nzomo alimtazama Kyule na akaona, kwa mara ya kwanza, alichokuwa amekifanya. Uso wa shemeji yake ulikuwa umesawijika. Katika miaka miwili mtu yule alikuwa na siku moja nzuri, aliyoiweka kwenye simu na kuwaonyesha majirani na watoto wake, na Nzomo alikuwa ameivua hadharani kama mtu anayemvua mwenzake suruali sokoni. Neno ambalo Alhamisi lingekuwa aibu ya Mugo, na Ijumaa lingekuwa siri ya watu wawili mezani, Jumatatu lilikuwa tusi kwa mtu asiye na kosa.

Hata Githinji aliacha kucheka. Aliinua mkono. "Kyule, hebu zima kwanza. Shuka tuongee."

"Hapana, mzee," Kyule alisema. Hakumtazama Githinji. Alimtazama Nzomo. "Kaeni kando. Hiki kina mizizi, ama nacho ni cha bandia?"

Akavuta.

Injini ilikaza sauti. Miguu ya chuma ilizama udongoni, magurudumu ya mbele yakainuka hewani kidogo, na kisiki hakikutikisika. Kisha chuma cha juu kati ya vile vitatu vya jembe kilikatika kwa mlio mmoja mkavu, na mkono wote wa kuchimbia, na kiti, na mtu aliyekuwa kwenye kiti, vikapanda na kukunjika mbele, dhidi ya usukani. Ilikuwa kama alivyomweleza Githinji, bila tofauti hata ya kidole. Nzomo alikuwa wa kwanza kufika. Aliijua mashine ile, akajua pini ipi ya kutoa, akaitoa.

Kyule hakufa. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto ukakatwa juu ya goti.

Polisi walipokwenda uwanjani walikuta kwenye kona, karibu na choo, sakafu ya saruji ambayo ilikuwa bado haijakauka vizuri. Babu alikuwa ameuzwa kuni kwa mkaanga chipsi. Mugo aliapa kwamba hapakuwahi kuwa na kisiki mahali pale, na mafundi kumi wakaapa vivyo hivyo, baadhi yao watu waliokuwa wamemzikia Nzomo mama yake, wakabeba jeneza mabegani hadi Mwala. Hawakumtukana. Asubuhi moja alikuta kufuli jingine kwenye kibanda chake, na vyombo vyake vimepangwa nje kwa uangalifu, hata diski za grenda zimefungwa kwenye gazeti. Alivipakia kwenye mkokoteni bila kubishana.

Hilo aliliweza. Lililomshinda lilikuwa barua ya wakili wa Githinji.

Mbithe alikuwa akidai fidia kwa ajili ya mumewe, na wakili alimwita Nzomo ofisini kuandika maelezo. Nzomo alikwenda akiwa amejiandaa kusema yote, kuanzia siku trekta la bluu liliposhushwa kwenye lori. Wakili alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nzuri.

"Siku ya ajali ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwonya dereva kabla hajavuta?"

"Nilimwonya."

"Kwa sauti? Alisikia?"

"Alisikia."

"Na mwajiri wake alimwambia azime mashine, ashuke?"

Wakili alimtazama kwa heshima, kalamu juu ya karatasi.

"Alimwambia," Nzomo alisema. "Lakini Jumatatu ile ile ya kwanza mimi nilimwambia Githinji kwamba bila fremu mkono utamkunjikia dereva. Alijua kabla ya sisi sote."

"Hilo lilikuwa kati yenu wawili, na yeye anasema ulizungumza juu ya uimara wa gia. Kuna shahidi?"

Shahidi alikuwapo. Alikuwa Mugo, hatua sita tu, mwenye kioo cha kuchomelea na masikio mazuri, naye asingejishuhudia mwenyewe. Wakili alifunika kalamu yake. Yalibaki maelezo ya nusu ukurasa, kila neno la kweli, yenye sahihi ya mtu anayejulikana Eastlands nzima kwamba hasemi uongo: dereva alionywa mbele ya mashahidi, akaamriwa kushuka, akakaidi. Fidia ikafa hapo.

Miezi mitatu baadaye mchungaji alifundisha juu ya ushuhuda wa kweli. Kanisa lilikuwa la mabati, joto jingi, watu wamebanana. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kwamba kuna muumini wake aliyefukuzwa kazini kwa kufichua ulaghai, naye alifurahi kama afurahivyo mwalimu anayepata mfano darasani mwake mwenyewe.

"Yuko hapa kati yetu," alisema. "Amepoteza marafiki. Amepoteza kibanda. Ukweli hajaupoteza. Fundi Nzomo, simama watu wakuone."

Nzomo hakutaka kusimama. Lydiah, aliyekuwa kando yake, hakumsukuma wala hakumzuia. Mabenchi matatu mbele aliona kisogo cha Mbithe, na karibu yake magongo mawili yameegemezwa kwenye benchi. Alisimama.

"Mimi si shahidi wa kweli," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtu wa mitambo akamletea kipaza sauti. "Nilijua siku ya Alhamisi. Nilikuwa mstari wa mbele. Shemeji yangu aliniuliza kwa mdomo wake, nikamficha. Ijumaa nilikunywa chai nyumbani kwake, nikamficha tena. Niliposema, nilisema mahali ambapo kusema kulimuumiza tu. Msiniweke mfano. Mguu ule niliukata mimi."

"Amina!" mtu mmoja alisema nyuma.

"Amina," wengine wakaitikia, na kina mama wakaanza kulia kwa furaha, kwa maana hawakuwa wamesikia unyenyekevu kama ule tangu Pasaka. Mchungaji alifumba macho. "Mnaona, wapendwa? Mtu wa kweli hujihukumu mwenyewe kwanza."

"Sisemi hivyo," Nzomo alisema, lakini kinanda kilikuwa kimekwisha kuanza.

Mbithe alisimama. Alichukua magongo, akampa mumewe moja moja, akangoja asimame sawasawa, na wakatoka kwa njia ya katikati, polepole. Watu walisogeza magoti kuwapisha, wakiendelea kuimba. Kyule alipopita hakugeuza uso. Ovaroli ile ya kijani ndiyo aliyokuwa ameivaa, mguu mmoja umekunjwa na kufungwa kwa pini, kwa kuwa haikuwa ya kutupwa.

Nzomo aliwafuata nje. Aliwakuta langoni wanangojea tuktuk, jua likiwaka.

"Mbithe," alisema. "Nimesema yote. Sasa nimesema yote."

"Nimesikia, kaka. Umesema vizuri." Alikuwa anatazama barabara. "Hata mimi ningesema amina, kama mguu ungekuwa wa mtu mwingine."

Kyule alisogeza gongo moja, akatafuta mahali pagumu pa kuliweka. "Mwambie aende ndani," alimwambia mkewe. "Ibada haijaisha."

Tuktuk ilikuja. Nzomo alinyoosha mkono kumsaidia kupanda, na Mbithe, bila hasira yoyote, akauondoa mkono ule, akaingiza bega lake mwenyewe chini ya kwapa la mumewe, akamwinua.